Tunaunda kitanzi cha waya cha kukata kiini kigumu cha mtoto wa jicho (Kisumu). Naomba mkikosoe

Fundi_wa_Thieta (Kisumu), mleta uzi

Wadau, hamjambo. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, kwa sababu jambo lenyewe nimekaa nalo muda mrefu na sasa linahitaji macho mengine zaidi ya yangu.

Mimi ni fundi wa vifaa vya hospitali. Kazi yangu ni otoklevu (mashine za kuua vijidudu kwa mvuke), taa za thieta, mitungi ya oksijeni, na siku hizi hadubini za upasuaji wa macho. Si daktari. Sijawahi kushika kisu juu ya jicho la mtu na sitashika. Lakini ukibadilisha balbu ya hadubini unasubiri kando uone kama taa imetulia, na ndivyo nilivyoanza kutazama upasuaji wa mtoto wa jicho kupitia darubini ya pembeni, ile ya msaidizi.

Kwa wasioujua: mtoto wa jicho si utando unaoota juu ya jicho, ingawa huku kwetu wengi husema hivyo. Ni lenzi yenyewe, iliyo nyuma ya mboni, imepoteza uangavu wake. Lenzi hiyo imelala ndani ya kifuko chembamba ajabu. Ukuta wa nyuma wa kifuko una unene wa maikroni 4 hivi, na unywele mmoja wa kichwani ni kama maikroni 70. Daktari anafungua dirisha la mviringo mbele ya kifuko, anatoa kiini kilichoganda, anafyonza mabaki laini, kisha anaweka lenzi ya plastiki ndani ya kifuko kilekile. Ukuta wa nyuma ukitoboka, ute ulio nyuma yake unakuja mbele, na kazi iliyokuwa ya dakika 10 inageuka kuwa ya saa nzima na wasiwasi wa miezi.

Penye mashine ya kusaga lenzi, inayoitwa fako, kiini husagwa ndani ya jicho kwa ncha inayotetema kwa mawimbi ya sauti na kufyonzwa kupitia tundu dogo. Charles Kelman wa New York aliianzisha mwaka 1967. Wazo alilipata akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno, alipoona chombo kinachotetema kikimsafisha meno. Mashine nzuri sana, ila bei yake ni kubwa, vipuri vyake vingi ni vya kutupwa, na kiini kikiwa kigumu inabidi nguvu iongezwe, na nguvu hiyo huumiza seli za upande wa ndani wa konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Seli hizo zikifa hazizaliwi nyingine. Kwa hiyo huku magharibi mwa Kenya kazi kubwa hufanywa kwa mkono: daktari anachimba njia nyembamba kwenye weupe wa jicho, upana wa milimita 6 hadi 7, inayojifunga yenyewe bila kushonwa, na kiini kinatoka kizima.

Siku ambayo jambo hili lilinishika, mgonjwa alikuwa mama mzee, mkulima, aliyekaa gizani miaka mingi kabla ya mtu kumleta. Lenzi yake ilikuwa ya kahawia iliyokolea, rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, iliyosahauliwa jikoni. Ilipofika mlangoni ikagoma. Daktari akapanua mkato, ikagoma. Akapanua tena. Ikatoka, lakini mlango ulikuwa mkubwa kiasi cha kushonwa, na nyuzi ziliivuta konea upande mmoja. Mama aliona, namshukuru Mungu, ila kila kitu alichokiona kilikuwa na kivuli cha mshazari.

Wiki hiyohiyo nilikuwa dukani. Mwenye duka alikuwa anakata mche wa sabuni kwa waya uliofungwa vijiti viwili. Anauzungusha, anavuta, sabuni inaachana pande mbili, haimeguki, haipondeki. Nilisimama pale na chenji mkononi hadi akaniuliza kama nimepungukiwa.

Baadaye nilisoma na kukuta wengine walishapita njia hii. Gerald Keener alieleza kitanzi cha kukata kiini katika miaka ya 1980, na siku hizi kuna miLOOP, kitanzi cha nitinoli kinachouzwa kitumike mara moja kisha kitupwe. Sisi tunataka kinachooshwa, kinachopita kwenye mvuke na kurudi mezani, na ambacho kikiharibika kinatengenezwa hapahapa.

Tuko watatu: mimi, mwalimu wa ufundi mitambo, na kijana mmoja anayekereza vipuri. Mfano wa kwanza ulikuwa waya wa chuma cha pua ndani ya mrija wa sindano nene. Ulikata vizuri, lakini chuma kikishakunjwa hukaa hivyo, na baada ya mara chache kitanzi kilifunguka kama duara lililokanyagwa. Wa pili ulikuwa wa nitinoli, aloi ya nikeli na titani karibu nusu kwa nusu. Tuliufunga kwenye kalibu ya chuma, tukauchoma kwa joto la nyuzi 500 kwa dakika 10 katika tanuri ya fundi wa meno ya bandia, tukautumbukiza majini. Baada ya hapo unaweza kuuvuta wote ndani ya mrija, na ukiusukuma unatoka ukiwa duara kamili la milimita 10. Furaha ya siku hiyo siwezi kuieleza. Wa tatu ni ule wa pili, ila una mpini mwembamba wa kushikwa kama kalamu, na kidude cha kuvuta kwa kidole cha shahada.

Macho ya kujaribia tunayapata kichinjioni, ya mbuzi. Lenzi ya mbuzi mchanga ni laini mno, kwa hiyo tunailaza kwenye formalini hadi igande. Tukitaka adui wa kweli tunakwenda Obunga kwa akina mama wa mgongo wazi, wale wauzao mabaki ya samaki, tunaomba vichwa vya mbuta (sangara). Lenzi ya samaki ni duara kama gololi na katikati ni ngumu kupita ya binadamu yeyote niliyewahi kuiona. Waya wetu wa milimita 0.2 unaikata.

Sasa nikosoeni.

---

BintiUgenya

Fundi, pole na kazi. Dani (nyanya) yangu ana miaka 81, jicho la kulia ni jeupe kabisa, la kushoto linafuata. Nimesoma hapa nikapata moyo. Mnaweza kumchukua awe wa kwanza kwa hicho kitanzi? Hatuna pesa nyingi, lakini tuko tayari kumleta Kisumu hata kesho.

---

Fundi_wa_Thieta

Dada yangu, hapana, na naomba unisikilize kwa makini. Kitanzi chetu hakijaingia jicho la mtu yeyote, na hakitaingia hadi kipite kamati ya maadili, kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo ndiyo inayosimamia vifaa vya tiba nchini. Hiyo ni safari ya miaka. Dani asikae gizani akitusubiri.

Upasuaji wa mkono uliopo leo ni mzuri na unafanyika karibu nanyi. Kuna Sabatia kule Vihiga, kuna hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu, ile wazee bado wanaiita Russia. Ukimleta mapema, lenzi bado haijawa jiwe. Waulize pia kuhusu kambi za macho zinazopita Siaya. Jicho la kushoto nalo lisichelewe kwa kusema bado linaona kidogo.

---

AfisaMacho (afisa tabibu, upasuaji wa mtoto wa jicho)

Nimesoma mara mbili. Nakupongeza kwa dhati, na kwa sababu hiyohiyo nitakuambia pale ambapo pananikwaza.

Umeandika kana kwamba mlango mdogo ndio lengo. Nieleze hili: ukikata kiini vipande viwili ukavitoa kwa mkato wa milimita 4, lenzi ya kuweka utaipitisha wapi? Lenzi ninazopewa ni ngumu, za plastiki iitwayo PMMA, na sehemu yake ya kuonea ina upana wa milimita 6. Haikunjiki. Kwa hiyo nitapanua mkato hadi 6 hata kama kiini kimetoka kama unga. Lenzi za kukunjwa zipo, zinaingizwa kwa sindano yake maalumu, ila kwenye kambi ya watu wengi nyingi ninazoziona bado ni zile ngumu.

La pili. Kitanzi chako kina mshindani ambaye hukumtaja. Kule Lahan, Nepal, Albrecht Hennig na wenzake waliichukua sindano ndogo ya namba 30, wakaipinda ncha ikawa ndoano. Unaipitisha chini ya kiini, unaigeuza, ncha inakikamata kwa chini, unakivuta nje. Naijua kwa mkono wangu. Bei yake ni bei ya sindano. Watu wa ziwani hawahitaji kufundishwa ndoano ni nini. Kitanzi chako kisiposhinda ndoano ile katika jambo fulani bayana, sina sababu ya kukiweka kwenye trei yangu.

La tatu ni swali tu. Unakikata kiini kikiwa wapi, ndani ya kifuko au kikiwa kimeshaletwa mbele?

---

Fundi_wa_Thieta

Daktari, nimesoma ujumbe wako nikazima simu, nikatembea hadi Kondele na kurudi. Umenionyesha kitu ambacho sisi watatu hatukukiona kwa miezi: tulikuwa tunapima kinachotoka, hatukupima kinachoingia.

Naanza na la tatu. Tunakikata kikiwa mbele, juu ya kifuko, kimezungukwa na jeli ambayo daktari huijaza jichoni kulinda seli. Ndani ya kifuko waya ungepita karibu na ule ukuta wa maikroni 4, na sisi hatuna ujasiri huo wala haki hiyo. Najua kuwa mbele nako kuna seli za konea, na nafasi yenyewe ni milimita 3 hivi kwa kina.

La kwanza na la pili nimeyaweka pamoja, nione kama nimekuelewa. Kwa kiini cha kawaida, ndoano inatosha, mlango ni 6, lenzi ngumu inaingia, hakuna anayehitaji waya wangu. Kwa kiini kikubwa cha kahawia kama cha yule mama, ambacho kingelazimisha mlango wa 8, kitanzi kinakikata katikati na mlango unabaki 6 uleule. Hapo konea haivutwi na uzi hauhitajiki. Je, hiyo ni nafasi ya kweli au najifariji?

---

AfisaMacho

Ni nafasi ya kweli. Ni wagonjwa wachache kati ya wengi, lakini ndio wale wanaoninyima usingizi usiku wa kuamkia kambi, kwa sababu wametoka mbali zaidi na wamechelewa zaidi. Andika hivyo juu kabisa ya karatasi yako ya usanifu: kitanzi ni cha kiini kikubwa, kigumu, mlango usizidi 6. Ukishaandika hivyo mambo mengi yatajiamua yenyewe. Kwa mfano, duara la milimita 10 linatosha kuzunguka, lakini ncha ya mrija haina haja ya kuwa nyembamba kupindukia. Ina nafasi ya milimita 6 kupita. Mlijinyima bure.

---

Fundi_Nax (Nakuru)

Mimi ni fundi mwenzako, niko Nakuru, na nimekuja kwa habari ya mvuke.

Umesema kifaa kitapita kwenye otoklevu. Otoklevu ipi? Geji nyingi zinasoma shinikizo lililo juu ya hewa ya mahali ulipo. Vitabu vinasema shinikizo la PSI 15 ni joto la nyuzi 121, na hiyo ni kweli ukiwa Mombasa. Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, na ili nifike 121 geji lazima isome karibu 18. Kisumu mko chini zaidi, mita 1,130 hivi, lakini hata nyinyi mnahitaji karibu 17. Nimekuta mahali ambapo muuguzi alifuata kibandiko cha mashine kwa uaminifu wote, na kipimajoto kikaonyesha hakuna siku ilipofika 121. Hakuna aliyekosa, kibandiko ndicho kiliandikwa pwani au ng'ambo.

Na jambo ambalo ni baya zaidi kwako: mrija. Otoklevu ndogo za kambi hazina pampu ya kunyonya hewa. Mvuke unasukuma hewa ya kwenye chungu itoke chini, lakini hewa iliyonaswa ndani ya mrija mwembamba haisukumwi. Inakaa mle ikiwa imejificha, na mvuke haufiki ukutani. Kipimo kilicho nje ya mrija kitabadilika rangi na utafikiri kazi imekwisha.

Nyongeza, kwa sababu umesema mnapima kwa mbuta. Huku kwetu ulifanyika utafiti mkubwa wa macho mwaka 2007 na 2008, watu 4,414 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, na miaka ya 2013 na 2014 wakarudiwa katika vituo 100. Watafiti walibeba mashine nzito za hospitali hadi vijijini, na palepale wakaipima programu ya simu ya kupimia macho, ile ya Peek, dhidi ya mashine hizo kwa mtu yuleyule. Ndiyo maana simu ile iliaminika. Ninyi pia pimeni kitanzi na ndoano kwenye jicho la aina moja, siku moja, mkono mmoja. Msipime kitanzi peke yake mkakisifu.

---

MuuguziMacho (Kakamega)

Nimengoja nione nani ataniuliza mimi. Hakuna.

Daktari atakishika kifaa hicho dakika mbili. Mimi ndiye nitakayekiosha, na siku ya kambi nitakiosha mara nyingi huku mgonjwa anayefuata ameshalala. Kwa hiyo nina maswali. Mrija una tundu la ukubwa gani? Brashi gani inaingia? Jeli ikikauka mle ndani naitoaje? Jeli hiyo ikikauka ni gundi. Mabaki yake, au mabaki ya sabuni, yakiingia jicho linalofuata, jicho linavimba ndani ya saa 12 hadi 48 bila hata mdudu mmoja kuwemo. Konea inakuwa kama kioo cha bafu. Tumefundishwa kuogopa jambo hilo kuliko kisu butu.

Usiniambie nitumie Jik, inatoboa chuma vijishimo. Usiniambie kiloweke kwenye maji ya chumvi, nayo ni hivyohivyo. Na kile kidude cha kidole, kina skrubu ngapi? Kila kinachofunguka kinaweza kupotea, na kitu kidogo kikipotea thieta hatuendi nyumbani hadi kionekane.

---

Fundi_wa_Thieta

Dada Muuguzi, samahani kwa kutokuuliza. Nilikuwa nimeandika "kinaoshwa" kwenye karatasi kana kwamba kuandika ni kuosha. Nipe siku chache.

---

Fundi_wa_Thieta (baada ya siku tano)

Nimerudi, na habari si nzuri. Nataka niieleze yote.

Tulichanganya jeli na rangi ya bluu tukaijaza kwenye mirija ya mfano wa tatu. Tukaiacha mezani muda ambao upasuaji mmoja huchukua. Kisha tukaosha kama alivyoeleza Muuguzi: maji safi ya kusukumwa kwa bomba la sindano, brashi nyembamba kuliko zote tulizopata mjini, maji tena, hewa. Kwa nje vilimeta. Halafu kijana wetu akaipasua mirija kwa urefu kwa msumeno mdogo wa sonara.

Yote ilikuwa na bluu. Mingine kidogo, mingine utepe mrefu, na kila mmoja pale mrija unapopinda. Ndani ya mkunjo ule hata brashi ilikuwa imeacha nywele moja. Nilikaa nikiutazama unywele ule chini ya hadubini, nikafikiria kwamba kifaa hiki nilikuwa nimekipigia picha na kuwatumia watu.

Kwa hiyo mfano wa tatu umekufa. Nawaomba mawazo. Tumefikiria mrija unaofunguka katikati kama ganda la kunde, lakini huo unahitaji skrubu au kipete cha kukaza, na Muuguzi ameshasema habari ya vitu vinavyopotea.

---

SonaraKsm

Naomba niingie, mimi si mtu wa hospitali. Nina duka la vito, na huo msumeno mliopasulia mirija huenda ni wa kwangu, kuna kijana aliuazima Jumatatu.

Kwa nini mnang'ang'ania mrija? Waya hauhitaji nyumba, unahitaji njia. Sisi tukitaka waya uteleze mahali pamoja tunachonga mfereji kwenye fimbo, wazi kwa juu, halafu tunaweka vipete viwili vya kuushika usiruke nje, kimoja mbele kimoja nyuma. Vipete vimelehemiwa, havitoki. Kati ya vipete mfereji uko wazi, kidole cha brashi kinapita, jicho linaona kila kitu. Na msiupinde mfereji pembe kali, uwe kama mgongo wa kijiko.

Kipete cha mbele kiwe kifupi. Upana wa chembe ya mchele unatosha, ili uchafu usipate mahali pa kulala.

---

AfisaMacho

Hili nalipenda, ila mfereji uliowazi una kingo. Kingo mbili ndefu zinapita kwenye mlango wa jicho na waya unateleza kati yake. Zikiwa kali zitakwangua. Upande wa wazi utazame wapi? Nadhani utazame chini, mbali na konea. Na hizo kingo zilainishwe hadi nikipitisha uzi wa pamba usinase.

Pia hilo joto la kulehemu lisiguse nitinoli. Waya uwekwe baada ya vipete.

---

Fundi_Nax

Na lehemu yenyewe iwe ya nini? Metali tofauti zikikutana kwenye maji ya moto zinalana. Ungeniuliza mimi, vipete na fimbo vyote viwe chuma cha pua cha aina moja, viunganishwe kwa leza. Eldoret au Nairobi hamkosi mtu mwenye mashine hiyo. Hewa haina pa kujificha tena kwenye mfereji, hilo nimelifurahia sana.

---

Mkereketwa254

Swali la haraka: mmeshasajili hataza? Mtaibiwa hapa mnapoandika wazi hivi.

---

Fundi_wa_Thieta

Mkuu, tumelijadili. Hataza ya KIPI, ofisi ya taifa ya hataza, hudumu miaka 20 na ina faida zake, lakini kitanzi cha kukata kiini si uvumbuzi wetu, na mfereji wa sonara umeshaandikwa hapa hadharani. Tumekubaliana kuuacha wazi. Mtu akiiba akakitengeneza vizuri kuliko sisi, yule mama wa strungi atakuwa amepata anachokihitaji.

---

BintiUgenya

Narudi na salamu. Dani alifanyiwa jicho la kulia juma lililopita kwa ule upasuaji wa mkono. Ameanza kuchagua mboga mwenyewe, na amenikemea kwa vumbi lililo juu ya kabati. Ero kamano (asante), fundi, kwa kutotuambia tusubiri.

Nina jambo moja, sijui kama linawasaidia. Dani ana kikohozi cha moshi wa jikoni. Alikuwa macho kabisa, wamemchoma sindano ya ganzi tu na kumfunika uso. Alisema hofu yake yote haikuwa kisu, ilikuwa kukohoa. Alibana pumzi hadi akaona nyota. Nikajiuliza, mtu akikohoa wakati waya wenu umeshazunguka kile kiini, inakuwaje?

---

AfisaMacho

Binti, hilo ni swali la mtu aliyekaa thieta miaka 20. Akikohoa, kila kitu ndani ya jicho kinasukumwa mbele. Ndoano nikiiachia inabaki imetulia ndani ya kiini. Kitanzi kilichokazwa nusu kikivutwa ghafla kinavuta kiini kizima, na kiini kinagonga konea. Fundi, kidude cha kidole kinafanya nini nikikiachia?

---

Fundi_wa_Thieta

Kinabaki palepale kilipo. Tulikipa meno ya kukamata ili mkono wa daktari usichoke, na tulijivunia meno yale.

Nimeyatoa leo asubuhi. Sasa kuna springi moja, na inafanya kazi kinyume na tulivyozoea: inafungua. Kitanzi kinakaza tu wakati kidole kinavuta. Kidole kikiachia, duara linarudi wazi lenyewe, kiini kinabaki huru, na daktari anatoa mkono. Mwalimu amekohoa juu ya meza mara nyingi huku kijana akikata lenzi ya mbuta, na kila mara waya ulifunguka kabla meza haijatulia. Dada, mwambie dani springi ile ni yake.

Mfano wa nne uko hivi: fimbo ya chuma cha pua, mfereji wazi unaotazama chini, vipete viwili vifupi vilivyounganishwa kwa leza, mpindo wa mgongo wa kijiko, hakuna skrubu hata moja. Springi ni ukanda wa chuma uliopindwa, sehemu ya mpini wenyewe, hautoki. Uzi wa pamba unapita kwenye kingo bila kunasa. Tumerudia jeli ya bluu, na chini ya hadubini tumeona bluu mahali pamoja tu, chini ya kipete cha nyuma. Tunakifupisha.

Kuhusu kitanzi dhidi ya ndoano, AfisaMacho amekubali kuja Jumamosi mbili za mwezi ujao, macho ya mbuzi yaliyogandishwa, yeye mwenyewe mkononi. Atapima upana wa mlango kabla na baada, kwa kalipa. Matokeo nitayaweka hapa hata kama ndoano itatushinda.

---

MuuguziMacho

Hiyo bluu yenu mnaiosha nyie, mkiwa mmetulia, mmekaa, maji yanatiririka. Nileteeni huku Kakamega siku ya thieta. Msinipe maelezo. Mtaniwekea kwenye sinki pamoja na vyombo vingine vya mafunzo, nitakiosha ninavyoosha kila siku nikiwa na haraka zangu, na hamtaruhusiwa kuongea.

---

Fundi_wa_Thieta

Jumanne nitakuwa kwenye matatu ya kwanza. Nitakuja na vinne, na hadubini ndogo ya mkononi.